Kuhamisha simu kwenye kituo cha huduma kwa wateja: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ndiye ninayeitwa simu zinapokatika. Kazi yangu ni mitambo ya sauti katika kituo kimoja cha huduma kwa wateja hapa Nairobi, upande wa Mombasa Road. Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wahudumu wapya, wasimamizi wa zamu, na mara moja moja mhasibu anayetaka kujua bili ya simu imepandaje. Sijayapanga kwa umuhimu.

Nikibonyeza kitufe cha kuhamisha, simu inaenda wapi hasa?

Upande wa mteja, haiendi popote. Wengi hudhani simu ni waya mmoja kutoka kinywani mwa mteja hadi sikioni mwa mhudumu, na kwamba kuhamisha ni kuuchomoa hapa na kuuchomeka pale. Ndivyo ilivyokuwa enzi za akina dada wa ubao wa plagi, waliounganisha simu kwa mkono. Siku hizi simu moja ni vipande viwili. Cha kwanza kinatoka kwa mteja, kinapitia kampuni ya simu na kuishia kwenye seva yetu. Cha pili kinatoka kwenye seva hadi hedifoni yako. Seva imekaa katikati, inavishona.

Ukihamisha, kipande cha mteja hakiguswi. Kinachofumuliwa ni kile chako, na kingine kinashonwa mahali pake. Ule muziki anaosikia mteja akingoja unatoka kwenye seva, wala hautoki kwako, kwa hiyo unaweza kuzima hata kompyuta yako na muziki ukaendelea.

Mashine hizi huongea kwa itifaki, yaani lugha ya kanuni, iitwayo SIP, ambayo toleo lake tunalotumia liliandikwa mwaka 2002 kwa jina RFC 3261 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti, kila moja na namba yake). Ombi la kupiga simu huitwa INVITE, la kukata BYE. La kuhamisha ni REFER, lililoelezwa mwaka 2003, na ukilitafsiri kwa lugha ya mezani ni hivi: "mpigie yule, mimi natoka."

Kuna tofauti gani kati ya kusukuma simu na kukabidhi simu?

Maneno haya mawili ni ya humu ndani kwetu, lakini mifumo yote ninayoijua ina njia hizo mbili, hata kama vitufe vimepewa majina mengine.

Kusukuma: unachagua foleni au ekstensheni (namba ya ndani ya mtu mmoja), unabonyeza, umeondoka. Simu yako inatuma REFER na seva inajibu 202. Wahudumu wakiona hivyo hudhani kazi imekwisha, kumbe 202 maana yake ni "nimekubali kujaribu" tu. Kama aliyepigiwa hakupokea, habari hiyo inakuja baadaye kwenye ujumbe uitwao NOTIFY, wakati wewe umeshaanza kuongea na mteja mwingine.

Kukabidhi: unamweka mteja kwenye muziki, unampigia mwenzako, mnaongea, kisha unawaunganisha na kutoka. Hapa REFER inabeba maelezo ya ziada yaitwayo Replaces, yanayoiambia seva isipige simu mpya bali iichukue ile mnayoongea wewe na mwenzako na nafasi yako impe mteja. Kwa hiyo mteja hawezi kutua mahali pasipo mtu, kwani mtu ameshapokea tayari.

Makabidhiano mazuri ni kama haya niliyoyasikia kwenye rekodi:

"Dada, nina mama kwenye laini. Alilipia bima jana jioni, akakosea tarakimu ya mwisho ya akaunti. Nimeshamthibitisha kwa jina na kitambulisho. Anataka pesa ihamishiwe akaunti sahihi, basi."

"Sawa, mlete."

Sekunde kumi na tano hivi. Makabidhiano yakizidi dakika moja, ama mnapiga porojo ama wewe hujaelewa shida ya mteja.

Msimamo wangu, ambao si kila msimamizi anaukubali: sukuma pale tu mteja alipobonyeza namba isiyo yake kwenye menyu na bado hajakueleza lolote. Akishafungua kinywa na kukueleza shida yake, mkabidhi.

Kwa nini mteja aliyengoja dakika 12 anaanza upya mwisho wa foleni nikimhamisha?

Kwa sababu foleni hupanga watu kwa saa waliyoingia kwenye foleni hiyo, si kwa saa waliyopiga simu. Kwa foleni ya madai, mteja wako amefika sasa hivi. Ni kama abiria aliyeshuka matatu ya Rongai mjini akakuta mstari wa matatu za Thika: hakuna atakayempisha eti kwa sababu alipigwa jua kule alikotoka.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kipaumbele: simu iliyohamishwa inapewa alama ya juu kuliko simu mpya. Ya pili ni kubeba muda: mfumo unahesabu kungoja kwake tangu alipoingia kituoni, na foleni ya pili inampanga kwa hesabu hiyo. Mimi ni mtu wa dawa ya pili. Kipaumbele kina kasoro inayojitokeza mwisho wa mwezi, simu zinapojaa. Zilizohamishwa zinasimama mbele zote, anayepiga mara ya kwanza hafikiwi, anachoka, anakata, anapiga tena. Sasa una simu mbili badala ya moja, na ubao wa ukutani unaoonesha simu zinazongoja unakuwa mwekundu kwa kosa la mpangilio wako mwenyewe.

Kabla hujaja kwangu, hakikisha umehamishia foleni, si ekstensheni ya mtu. Ekstensheni haina foleni nyuma yake. Mtu akiwa msalani, simu inalia hewani.

Mfumo unachaguaje mhudumu wa kupokea?

Kila mhudumu ameandikiwa ujuzi wake: lugha, aina ya huduma, kiwango. Simu ikiingia foleni inabeba mahitaji yake, na kati ya wanaofaa huchaguliwa aliyekaa muda mrefu zaidi bila simu. Vituo vingine huanza kwa kumtafuta mhudumu aliyewahi kuongea na mteja huyo.

Upande wa lugha, tahadhari. Watu wengi Nairobi hubonyeza namba ya Kiingereza kwa mazoea, kisha wakifika wanasema "habari yako" na kuendelea kwa Kiswahili hadi mwisho. Usimhamishe mtu kwa sababu ya lugha ikiwa mnaelewana.

Tukiwa hapo, kuna kisa kinachosimuliwa sana na mafundi wa simu. Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa mzika maiti wa Kansas City, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891. Inasemekana alichoshwa na opereta aliyekuwa akielekeza simu za wafiwa kwa mshindani wake. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa neno kwa neno, ila kila msimamizi anapoomba simu za wateja wanono zipitie kwa watu wake kwanza, mimi humkumbuka Strowger.

Kwa nini mteja analazimika kurudia maelezo yake kila anapohamishwa?

Kwa sababu sauti na habari husafiri kwa njia mbili tofauti, na mara nyingi tunaihamisha ya kwanza tu.

Niliwahi kusikiliza rekodi ya mama mmoja wa Kayole aliyeongea nasi dakika 26. Alieleza shida yake mara nne. Mara ya kwanza alieleza kwa utaratibu: tarehe, kiasi, namba ya risiti. Mara ya pili aliifupisha. Mara ya tatu alisema, "Lakini nimemwambia yule kijana." Mara ya nne alisoma namba ya risiti polepole, tarakimu moja moja, kama mtu anayemsomesha mtoto wa chekechea, kisha akanyamaza. Hakuna mhudumu hata mmoja kati ya wanne aliyemkosea adabu. Wote walisema "pole sana mama". Lakini kwenye skrini ya kila mmoja wao kulikuwa na namba ya simu ya mteja tu.

Chanzo kilikuwa changu. Simu ikifika, mfumo huipa kitambulisho, na programu ya rekodi za wateja hutumia kitambulisho hicho kufungua ukurasa wa mteja. Kwenye kuhamisha, seva yetu ilikuwa ikitengeneza kipande kipya chenye kitambulisho kipya, na ukurasa ule wa kwanza ukabaki yatima. Maandishi ya mhudumu wa kwanza yalikuwepo, yamehifadhiwa vizuri, mahali ambapo mhudumu wa pili hakuwa na njia ya kuyafikia.

Tulichofanya ni kuunda kitambulisho kimoja cha safari nzima, kinachozaliwa mteja anapoingia kwenye menyu na kubaki kile kile hadi anapokata. Ndani ya SIP kuna mahali rasmi pa kubebea data kama hiyo, panaitwa User-to-User, na utaratibu wake ulichapishwa mwaka 2015 kama RFC 7433. Ni mfuko mdogo. Usipakie humo historia ya mteja: weka kitambulisho tu, na programu ya upande wa pili iende kuchukua mengine kwenye hifadhidata. Na pakia hicho tu hasa simu ikitoka nje ya mtandao wenu, maana kila seva inayopitiwa inaweza kusoma kilichomo.

Hata hivyo, mhudumu asiyeandika chochote kwenye ukurasa anahamisha ukurasa mtupu.

Nimehamisha, mwenzangu hakupokea, mteja akapotea. Alienda wapi?

Inategemea alichoambiwa mfumo kufanya baada ya mlio kuisha. Sisi tumeweka sekunde 15. Zikipita, aliyeshindwa kupokea anaondolewa kwenye hali ya "tayari" ili simu nyingine zisimfuate, na mteja anarudi kichwani mwa foleni. Kwenye ekstensheni ya kawaida ya ofisi, nje ya foleni, anaweza kuishia kwenye kisanduku cha sauti cha mtu aliyeacha kazi mwaka juzi. Hilo tumeliona.

Bili imepanda ingawa simu zinazoingia ni zile zile. Kwa nini?

Hili ni la mhasibu, na jibu karibu kila mara ni simu zinazohamishiwa nje: kwa fundi aliye barabarani, kwa tawi la Kisumu, kwa wakala.

Mteja ameingia kupitia laini moja ya tranki yetu, yaani njia inayotuunganisha na kampuni ya simu. Ukimhamishia fundi kwenye simu yake ya mkononi, seva inapiga simu ya pili kwenda nje na kuzishona mbili. Hiyo ya pili ni simu yetu, tunailipia dakika zote watakazoongea, hata kama wewe mhudumu umeshakwenda nyumbani. Zaidi ya hapo, inakula nafasi. Tranki ya aina ya E1 ina nafasi 30 za mazungumzo. Simu 15 zilizohamishiwa nje zimeijaza yote, na mteja wa 16 anasikia mlio wa laini kushughulika huku ukumbini wahudumu wamekaa kimya wakitazamana.

Njia ya kuepuka ni kutuma REFER kwa kampuni ya simu yenyewe, ili wao ndio wawaunganishe hao wawili na sisi tutoke kabisa. Uliza kabla ya kusaini mkataba, maana wengine hawaikubali. Na ukitoka kabisa, umetoka na kinasa sauti chako.

Fundi anasema simu ikihamishiwa kwake anaona namba ya ofisi, si ya mteja. Tunaweza kubadilisha?

Mara nyingi hapana. Kampuni ya simu hukubali simu zinazotoka kwetu zioneshe namba walizotupa wao tu, vinginevyo mtu yeyote angejifanya benki. Ukilazimisha namba ya mteja, simu inakataliwa au namba inabadilishwa na ile kuu. Mtumie fundi ujumbe mfupi wenye jina na shida ya mteja kabla simu haijamfikia. Pia mwambie kwamba hiyo namba ya ofisi si idara ya rasilimali watu inayomtafuta. Mmoja alikuwa hapokei kwa sababu hiyo.

Baada ya kuhamisha, mmoja anasikia na mwingine hasikii. Tatizo ni hedifoni?

Kama ilikuwa inafanya kazi kabla ya kuhamisha, hedifoni haina kosa. Kuhamisha ni kujadiliana upya: kila upande unatangaza upokee sauti kwenye anwani gani na kwa kodeki ipi, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data. Simu iliyo nyuma ya ruta ya nyumbani inaweza kutangaza anwani ya ndani, mfano inayoanza na 192.168, ambayo seva ya nje haina njia ya kuifikia. Sauti inatoka, hairudi. Wanaofanya kazi kutoka nyumbani ndio huipata zaidi.

Kodeki nazo hugombana. G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, G.729 hutumia 8. Pande mbili zisipokuwa na hata kodeki moja ya pamoja, seva lazima itafsiri, na kama haijaruhusiwa kutafsiri, simu inakufa. Dalili nyingine ya familia hiyo: mteja anahamishiwa kwenye menyu, anabonyeza 2, menyu haisikii. G.729 iliundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu na huharibu mlio wa vitufe, kwa hiyo vitufe vinapaswa kusafirishwa kama ujumbe wa pembeni, jinsi RFC 4733 inavyoeleza. Upande mmoja usipokubali hivyo, mteja atabonyeza mpaka kidole kiume.

Simu zilizohamishiwa tawi letu zinakatika zenyewe baada ya nusu dakika. Ni mtandao mbovu?

Mtandao mbovu hukata ovyo ovyo. Kitu kinachokatika kwa wakati ule ule kila mara kimehesabiwa na mashine.

Hili lilitupata na ofisi moja ya mteja wetu. Malalamiko yalikuja wiki mbili mfululizo, na kila mtu alikuwa na lake: mvua, umeme, kampuni ya intaneti. Nikaomba kumbukumbu za simu ishirini. Nikapanga safu ya muda: 32, 32, 32, 32. Nilicheka peke yangu, maana fundi yeyote wa SIP anaijua namba hiyo.

Ni hivi. Anayepokea simu hutuma jibu la 200 ("nimepokea"), na aliyepiga lazima athibitishe kwa ujumbe wa ACK. Aliyepokea asipoiona ACK, anarudia jibu lake tena na tena kwa muda ambao ni mara 64 ya nusu sekunde. Yaani sekunde 32. Zikiisha, anaamini hakuna mtu upande wa pili na anakata. Wakati huo sauti inapita njia nyingine kabisa na watu wanaongea bila shida yoyote, ndiyo maana hakuna anayeshuku. Kwenye ofisi ile, ruta ilikuwa na kipengele cha "kusaidia" SIP kilichokuwa kikibadilisha anwani ndani ya ujumbe, na ACK ikawa inapelekwa kusiko na mtu. Tulikizima. Kazi ya dakika mbili baada ya lawama za wiki mbili.

Zikikatika karibu na dakika 15 au 30, tazama kipima muda cha kikao, kinachohakiki kama simu bado iko hai, ambacho kwa kawaida huwekwa sekunde 1,800 na kuhuishwa nusu ya njia.

Seva zetu ziko Ulaya. Je, mteja wa Embakasi anayeongea na mhudumu wa Westlands anapitia huko?

Anaweza kupitia huko, ndiyo. Kila kuhamisha kati ya mifumo miwili isiyo chini ya paa moja kunaweza kuongeza safari nyingine. Shirika la ITU, la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika pendekezo G.114, linashauri ucheleweshaji wa njia moja usizidi milisekunde 150 kama mnataka mazungumzo yaende vizuri. Ukizidi sana, watu wanaanza kukatizana maneno, kila mmoja anasema "endelea", wote wananyamaza, kisha wote wanaanza tena.

Mwombe muuzaji wako sauti ibaki Nairobi na amri peke yake (zile INVITE, BYE na REFER) ziende Ulaya. Amri zikichelewa kidogo hakuna anayelalamika. Na usitegemee nyaya za baharini peke yake: tunazo kadhaa zinazotua Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikachechemea.

Mteja akihamishwa, rekodi inaendelea?

Kwa kawaida inakatwa faili mbili, na kitambulisho cha safari ndicho kinachoziunganisha. Hatari iko kwenye malipo ya kadi. Kanuni za PCI DSS, za usalama wa malipo ya kadi, zinakataza kuhifadhi ile namba ya usalama ya nyuma ya kadi malipo yakishaidhinishwa, ndiyo maana unabonyeza kusimamisha kinasa. Lakini ukihamisha kinasa kikiwa kimesimama, kipande kipya kinaweza kuanza kurekodi upya bila kukuuliza. Maliza malipo kwanza. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mteja ana haki ya kujua anarekodiwa kwa sababu gani, hata akitua kwa wakala wa nje. PIN ya M-Pesa hatuulizi, awe amehamishwa au hajahamishwa.

Simu inaweza kuzunguka bila mwisho?

Inaweza. Ekstensheni ya madai imeelekezwa kwa msimamizi. Msimamizi anaenda kula, anaelekeza yake kwa madai. SIP ina kinga: ombi huanza na hesabu, kwa kawaida 70, kila seva inapunguza moja, na ikifika sifuri linarudishwa na jibu la 483. Lakini seva inayoshona vipande viwili inaweza kuanza hesabu upya kila mara, na kinga inapotea. Sisi tumeweka kaunta yetu: ukihamishwa mara tatu, unaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa zamu, apende asipende.

Niandike nini nikiripoti simu iliyoharibika?

Ekstensheni yako, ya uliyemhamishia, tarakimu nne za mwisho za namba ya mteja, na saa. Kwenye saa ndipo tunapopoteana. Mhudumu ananiandikia "saa 4:15". Kwake ni saa nne na robo asubuhi. Simu yake ya mezani ilionesha 10:15. Kumbukumbu za seva ziko kwenye saa ya dunia (UTC), masaa matatu nyuma yetu, kwa hiyo humo ni 07:15. Mimi nikifungua 04:15 kama nilivyoandikiwa, nakuta kituo kizima kimelala. Nakili tarakimu zilizoko kwenye kioo cha simu kama zilivyo, pamoja na sekunde.